Jibu kwa mwenye Paul Sauer ya 2018: itafika 2036, ila sio kwa kukaa juu ya kabati la jikoni Mbezi

Mkuu mleta uzi, swali lako nimelisoma mara mbili. Umesema bosi wako katoka Cape Town kakuletea chupa ya Paul Sauer, waini nyekundu ya mavuno ya 2018, na dogo wako naye kazaliwa 2018, sasa unataka uitunze mpaka afikishe miaka 18 mfungue pamoja, na kwa sasa umeiweka juu ya kabati la jikoni. Wadau huko juu mmoja kakwambia waini ikikaa ndo inazidi kuwa tamu, mwingine kasema inywe wikiendi hii kabla haijaharibika. Wote wawili wamegusa ukweli kidogo wakaukosa. Ngoja nikupe niliyoyaona kwa macho yangu, itakuwa ndefu, na kama hutumii kilevi pita tu kimya kimya hatugombani.

Mi nilipiga kazi Cape Town 2012 mpaka 2016, nilianza kuosha vyombo nikapanda nikawa weita kwenye mgahawa uliokuwa na stoo ya waini chini ya ardhi. Kabla ya hapo waini kwangu ilikuwa ni zile za nyumbani Dodoma tu, na sizidharau hata leo, zabibu ya Makutupora ina utamu wake na Dodoma wanavuna mara mbili kwa mwaka kitu ambacho Wazungu huko kwao hawana. Ila zile nyingi ni waini za kunywa zikiwa changa, ukinunua kunywa, usiifanye urithi.

Na hapo ndo pa kuanzia, maana waini nyingi duniani hazikutengenezwa zikae. Hizi za bei ya kawaida tunazookota supamaketi zinataka mwaka, miwili, basi, na ile ya boksi ndo kabisa usiilaze na matumaini, ule mfuko wa ndani unapitisha hewa kidogo kidogo. Halafu hii habari ya kuzidi kuwa tamu tuiache jamani, sukari haizaliwi ndani ya chupa. Kinachobadilika ni kingine.

Umewahi kula bibo, lile tunda la mkorosho, au zambarau ambayo haijaiva sawasawa, ulimi ukakauka kama umelamba chaki? Ule ukakasi kwenye waini wanauita tanini, unatoka kwenye maganda na kokwa za zabibu na kidogo kwenye pipa la mwaloni. Waini nyekundu yenye ukakasi wa kutosha na uchachu wa kutosha ndo ina mtaji wa kukaa. Hiyo yako inao. Inatoka shamba la Kanonkop, Stellenbosch, chini ya mlima Simonsberg (hilo jina la Kanonkop ni kwa ajili ya mzinga uliokuwa unapigwa pale kilimani kuwajulisha wakulima kwamba meli zimeingia Table Bay wapeleke mazao), sehemu kubwa ni zabibu aina ya Cabernet Sauvignon, iliyobaki Cabernet Franc na Merlot, na inakaa kama miaka miwili kwenye mapipa mapya ya mwaloni wa Ufaransa kabla haijaingia chupani. Wameanza kuitoa tangu mavuno ya 1981. Ukiifungua ikiwa changa ni kali, imejifunga, inakukaza mashavu. Miaka ikienda zile tanini zinashikana zenyewe kwa zenyewe zinakuwa nzito zinashindwa kuelea, zinazama, ndo yale mashapo meusi unayoyakuta kwenye chupa kuukuu watu wanadhani imeoza. Rangi inapungua, ukali unapungua, harufu ya matunda mabichi inaondoka inakuja nyingine ambayo mwanzoni haikuwepo kabisa.

Sasa hiyo harufu nyingine ndo nataka nikusimulie, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini mtu mwenye akili zake anakaa na chupa miaka 20 anaiangalia tu.

2014 alikuja mzee mmoja na mkewe, wamebeba Paul Sauer ya 1995, mwaka waliooana. Kule ruksa kwenda mgahawani na chupa yako unalipia kufunguliwa tu. Mzee alikuwa anajua mambo, chupa aliileta siku moja kabla, akaomba tuisimamishe stoo ili mashapo yashuke chini. Aliyekuwa mkubwa wetu wa waini akanipa mimi kazi ya kushika mshumaa. Kizibo kilikuwa laini kama mkate uliolowa kwenye chai, alikitoa kwa kile kifunguo cha vyuma viwili vinavyoingia pembeni, kikamegukia njiani lakini akakimaliza. Halafu akawa anamimina kwenye jagi la kioo taratibu bila kusita, mshumaa uko chini ya shingo ya chupa anaangalia, alipoona kauzi keusi kanaanza kuja akaacha hapo hapo. Mle ndani ya chupa kikabaki kama vidole viwili, tope tupu. Wale wazee wakatumiminia na sisi kidogo, ni ustaarabu wa kule, wahudumu lazima waonje.

Ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, katikati ilikuwa damu ya mzee, pembeni inaelekea rangi ya tofali la kuchoma. Nikanusa. Aisee, mkuu, nilimuona bibi yangu. Bibi alikuwa na sanduku la mbao anawekea vitenge vyake vya kanisani, ukilifungua inatoka harufu ya mbao kavu na kitambaa cha siku nyingi, ndo hiyo hiyo, iko kwenye glasi, Cape Town, kwa watu ambao hawajawahi hata kusikia Njombe. Nikainusa tena ikaja tumbaku kavu, halafu udongo wa chini ya miti baada ya mvua, na kwa mbali sana zambarau zilizokauka juani. Nikanywa. Nikawa nasubiri ule ukakasi unikaze, haukuja. Ilipita laini, uchachu mdogo umeibeba, na baada ya kumeza bado ilikuwa inaongea mdomoni, nilihesabu kichwani nikafika arobaini ikiwa bado ipo. Nikaiweka glasi yangu kaunta nikaenda kuhudumia meza, niliporudi baada ya nusu saa haikuwa ile ile, tumbaku imekuja mbele, zambarau zimerudi nyuma. Saa moja na nusu baadaye imechoka, umebaki uchachu na kama chai ya rangi iliyopoa. Miaka 19 ya kukaa kimya halafu maongezi ya saa moja.

Kuonja kwenyewe sio ushamba wa kujifanya kama watu wanavyocheka. Unaweka theluthi ya glasi tu, unaizungusha ili hewa iamshe harufu, unanusa kabla ya kunywa kwa sababu ladha nyingi unayoisikia ni pua ndo inafanya kazi, ukiwa na mafua utakunywa maji mekundu. Halafu unavuta kidogo na hewa, ule mvuto tunaovutia uji wa moto, nyumbani tuligombezwa kwa kuvuta hivyo na kule nililipwa mshahara kwa kuvuta hivyo hivyo. Na ukikuta inanuka boksi lililolowa maji, hiyo kizibo ndo kimeiharibu, haina dawa, hata iwe ya bei gani imwage.

Sasa tuje kwenye machungu. Mwisho wa 2016 narudi Bongo nikabeba chupa tatu nzuri, nimenunua kwa hela ya bakshishi za miezi. Nikaziweka kabati la nguo Tabata, nimezilaza ili kizibo kisikauke, giza la kutosha, nikajiona mjanja kuliko mtaa mzima. 2019 harusi ya mdogo wangu nikaitoa ya kwanza mbele ya wakwe, nimeshatoa na hotuba fupi. Nikaona kizibo kimechomoza nje kidogo na lebo ina mchirizi, moyo ukapiga paa. Nikafungua, harufu ni jemu iliyoungulia sufuriani. Rangi imekufa. Mkwe mmoja kwa heshima zote akauliza, "Hii ni juisi ya rozela, baba?" Nikasema ndiyo. Zile nyingine mbili nikazifungua peke yangu usiku, msiba ule ule.

Giza nilikuwa nalo, kulaza nimelaza, nilichokosa ni ubaridi. Waini inataka nyuzi 12 mpaka 14 hivi, na inataka zisipande na kushuka. Dar Februari ndani ya nyumba ya bati unajua mwenyewe. Joto likipanda waini inavimba inasukuma kizibo, usiku ikipoa inajivuta inavuta na hewa, kila siku hivyo hivyo miaka mitatu, hapo umeipika huku unaipulizia. Na kuwasha kiyoyozi ukirudi kazini halafu unazima asubuhi ndo mbaya kabisa maana unaipandisha na kuishusha. Friji la kawaida je? Miezi michache sawa, miaka hapana, ni baridi mno, lina ukavu unaosinyaza kizibo, linatetemeka, na lina samaki wako wa jana.

Kuna chupa mbili nyingine nataka uzijue kabla sijarudi kwenye ya kwako, moja kwa raha yake na moja kwa sababu ya hali yetu ya hewa.

Ya kwanza ni Vin de Constance ya Klein Constantia, pale pale Cape Town upande wa pili wa mlima. Lile shamba la Constantia lilianzishwa 1685, waini yake tamu ikawa na jina Ulaya nzima, Napoleon alipokuwa kifungoni St Helena alikuwa anapelekewa. Mwishoni mwa karne ya 19 wadudu wakala mizabibu, ikapotea, mpaka wakaifufua kwa mavuno ya 1986. Zabibu wanaziacha kwenye mti mpaka zinasinyaa, zinabaki sukari na uchachu. Nilionja ya 2007: asali, ganda la chungwa, tangawizi, embe dodo lililoiva mpaka linakaribia kuchacha, halafu ukisema sasa imezidi utamu unakuja uchachu unaisafisha yote. Sukari ile na uchachu ule ndo vinaitunza, inakaa miongo. Na hii hata usipokaa nayo ni tamu tangu siku ya kwanza, sio kama nyekundu inayokununia.

Ya pili ni Madeira. Hii nilionjeshwa na jamaa wa jikoni, Mreno ambaye familia yao ilihamia Afrika Kusini kutoka kisiwa hicho hicho cha Madeira, wako wengi kule. Zamani meli zilikuwa zinabeba mapipa ya waini ya kisiwani, zinakatiza nchi za joto kwenda India na Amerika, wakagundua pipa lililozunguka na kurudi ni tamu kuliko lililobaki nyumbani. Joto ndo limeitengeneza! Siku hizi hawaizungushi tena, nzuri zake wanaweka mapipa darini kwenye joto la jua miaka na miaka, na imeongezwa pombe kali ikafika kama asilimia 19. Ladha yake ni karanga za kukaanga, sukari iliyoungua kidogo, na uchachu wa ukwaju unaokusisimua nyuma ya taya. Sasa kitu ambacho kimeshapikwa na kuchomwa namna hiyo kabati lako litakifanya nini? Watu bado wanafungua Madeira za miaka mia na zaidi. Mi niliwahi kukaa na chupa iliyofunguliwa miezi sita Tabata, kabati lile lile lililoniua, na tone la mwisho lilikuwa zima. Hiyo tu usiilaze, isimamishe, ukali wake unakula kizibo. Kama unataka chupa ya kukaa nayo Dar bila presha, agizia hiyo.

Turudi kwako. Paul Sauer ya 2018 ikitunzwa 2036 inafika na inaweza kupita, 18 kwake sio nyingi. Leo hii ishushe juu ya kabati, hapo ndo pa joto kuliko pote, moto wa jiko wote unapanda juu. Kama mfuko unaruhusu, kuna vile vifriji vidogo vya waini, vinaseti nyuzi 13 na havitetemeki sana, ila piga hesabu ya luku miaka kumi na kitu na ya umeme kukatika. Kama hauruhusu fanya kama mimi, tafuta ndugu anayekaa kwenye baridi. Lushoto, Mbeya, Makete, popote ambapo mwezi wa saba watu wanaota moto.

Mi zangu ziko Njombe kwa shangazi, nyumba ya tofali nene, chumba cha nyuma kisicho na jua, uvunguni mwa kitanda, zimelazwa ndani ya boksi na majani makavu ya mahindi. Sio stoo ya Stellenbosch lakini mwaka jana mwezi wa kumi na mbili nilifungua moja na ilikuwa nzima kabisa, ukakasi umeanza kulegea. Shangazi ni mzee wa kanisa, wageni wakiuliza kilichomo anawaambia ni dawa ya ng'ombe. Uvunguni pale pana nafasi ya chupa moja, ukikwama nicheki pm, ila dogo asije kushangaa akikuta kwenye boksi pameandikwa kwa kalamu ya bik, DAWA USIGUSE.