Jibu: Naomba kila siku, mbona usiku bado naogopa?

Bwana asifiwe, mpendwa. Umeuliza kama kuogopa usiku baada ya kuomba ni dalili ya kukosa imani. Hapana, usijihukumu hivyo. 1 Yohana 4:18 inasema "pendo lililo kamili huitupa nje hofu", na wengi tunausoma mstari huo kana kwamba pendo hilo ni letu, tujikaze mpaka likamilike. Rudi mstari wa 10: si sisi tuliompenda Mungu, ni yeye aliyetupenda. Tena hofu inayotajwa pale ni ya adhabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikinitafuna mimi. Kila nikiugua nilidhani Mungu ananilipiza.

Siku hizi nikishtuka saa nane usiku, moyo unadunda, shuka limelowa jasho, sianzi maombi marefu. Naketi kitandani, naweka mkono kifuani, nasema polepole Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Mtunga zaburi hakusema haogopi! Wakati mwingine nairudia mara kumi kabla usingizi haujarudi.

Hofu ikikunyima usingizi wiki nzima, mwone na daktari. Kufanya hivyo si kumkosea Mungu. Usiku wa leo nitakutaja kwenye maombi yangu.