Amplifaya ya zamani inayovuma: usikimbilie valvu mpya

Umesema Deluxe Reverb yako ya 1965, ile amplifaya ya gitaa ya Fender, inavuma hata ukishusha sauti hadi sifuri, na unataka kununua valvu mpya zote, yaani zile taa za kioo zinazokuza sauti. Ndugu, subiri kwanza. Mvumo wa namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye kapasita za kuchuja umeme, ambazo hukauka ndani kadiri miaka inavyopita. Valvu za wakati ule ni adimu. Usizitupe kabla hazijapimwa.

Lakini usiifungue mwenyewe, tafadhali. Kapasita hizo zinaweza kubaki na takriban volti 400 hata baada ya kuchomoa waya ukutani, na umeme huo unaua. Mpe fundi anayezijua valvu, abadilishe kapasita, kisha apime bayasi (kiwango cha umeme unaopita valvu zikiwa zimetulia) ya zile 6V6 mbili, valvu kubwa zinazosukuma spika. Transfoma na spika zikiwa nzima asiziguse. Ule mlio mtamu, unaokwaruza ukipiga nyuzi kwa nguvu na kutulia ukizigusa taratibu, unatokana na valvu, transfoma na spika kwa pamoja.

Na usiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa: transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua.