Kwao Vasco da Gama

SWALI: Shikamoo mhariri. Nimekulia karibu na mnara wa Vasco da Gama hapa Malindi. Kwao hasa ni wapi? – Msomaji, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwao ni Sines, mji wa wavuvi kusini mwa Lisbon, nchini Ureno. Babake alisimamia ngome ya mji. Nilipopanda pale nilikuta sanamu ya Vasco ikitazama ghuba. Lakini mwaka 1507, miaka 9 tu tangu atie nanga kwenu, Mfalme Manuel alimwamuru ahame Sines yeye na jamaa zake, kwani mji ulikuwa wa shirika la kidini la Santiago. Nilihuzunika, kufukuzwa kwenu! Siku hizi kuna bandari kubwa na kiwanda cha kusafisha mafuta, na wavuvi wangali wanakwenda baharini.