Chuo chenyewe hakijulikani, kazi nitapata kweli?

SWALI

Shikamoo Anti. Mimi ni binti wa miaka 20, niko Singida, nimemaliza form six kombi ya ECA (uchumi, biashara na uhasibu). Chaguo langu la kwanza lilikuwa uhasibu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikakosa. Sasa nimechaguliwa sehemu mbili: Mlimani hiyohiyo lakini kozi nyingine kabisa ya sanaa ambayo niliiweka tu kujaza nafasi, na shahada ya uhasibu kwenye chuo kidogo huku mikoani ambacho hata rafiki zangu wananiuliza kipo wapi. Baba mdogo ndo atakayenilipia kinachopungua kwenye mkopo na yeye anasema Mlimani ni Mlimani, ukilitaja jina mtu anakaa vizuri kwenye kiti, hicho kingine utaulizwa kama ni sekondari. Mimi uhasibu naupenda toka form three. Mwisho wa kuthibitisha ni Ijumaa na usiku silali. Je nikienda huko kidogo nitapata kazi kweli au nitarudi kukaa mtaani na cheti?

JIBU

Marahaba binti yangu, pole kwa kukosa usingizi.

Nianze na baba mdogo maana hajakosea kote. Jina linafungua mlango, sitakudanganya. Mabenki na makampuni makubwa ya ukaguzi yakitaka vijana wapya yanaanzia vyuo vikubwa vya Dar, yanaweka meza, yanagawa kalamu na tisheti, huko kwenu hiyo meza haifiki. Halafu kuna koneksheni, yule mnayelala naye chumba kimoja hosteli miaka mitatu kesho unamkuta ndo anayepitisha majina ya intavyuu. Wachumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walitoa utafiti 2002 kuhusu watu walioanza chuo mwaka 1976, wakalinganisha waliokubaliwa vyuo vya majina wakaenda huko na waliokubaliwa vilevile ila wakaenda vya kawaida. Kwa wengi mishahara ilikuja kuwa karibu sawa, isipokuwa waliotoka familia za kipato cha chini, hao jina liliwabeba. Kwa hiyo anayekwambia jina si kitu mara nyingi ana mjomba ofisini.

Sasa pale baba mdogo alipoteleza. Wewe huchagui kati ya uhasibu wa Mlimani na uhasibu wa mkoani, ingekuwa hivyo ningekwambia panda basi la Dar leo jioni. Unachagua kati ya uhasibu na kitu ambacho sio uhasibu. Na hii fani ina jambo moja ambalo fani nyingi hazina: mbele ya vyuo vyote kuna mtihani mmoja, CPA, ule wa kitaaluma unaotolewa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu, karatasi ni ileile awe katoka Mlimani awe katoka huko ambako rafiki zako hawakujui, na msahihishaji haoni chuo chako anaona namba. Serikalini ndo utaelewa zaidi, mwenye shahada ya uhasibu bila CPA anaajiriwa kama Afisa Hesabu, mwenye CPA ndo anaitwa Mhasibu. Ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, usome matangazo yenyewe, utakuta wameandika "kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali", basi, jina la chuo hawataji.

Nikupe moja la kwangu. Kuna mwaka tulikuwa tunatafuta msaidizi wa hesabu ofisini, tukaita watu saba, tukawapa kila mmoja kompyuta, steitimenti ya benki ya mwezi mmoja na daftari la benki la kwetu, tukasema haya, linganisheni, tofauti imetoka wapi. Tofauti ilikuwa shilingi 63,000. Wanne walianza kutiki mstari kwa mstari toka juu, ni sawa, ndivyo inavyofundishwa, ila saa nzima ikaisha wako ukurasa wa pili. Kuna binti alikuja na viatu vimejaa vumbi, chuo chake mimi mwenyewe nilimuuliza kiko mkoa gani, akapiga kikokotoo kidogo akanong'ona "inagawanyika kwa tisa". Yaani tarakimu mbili zikipishana nafasi tofauti hugawanyika kwa tisa, akajua kuna mtu kageuza tarakimu, akaacha kutiki akatafuta namba zinazofanana zilizopinduka, dakika kumi kaipata: 581,000 imeandikwa 518,000. Nikamuuliza nani kakufundisha, akasema fildi, yaani mafunzo kazini, alikaa SACCOS moja likizo mbili mfululizo bila kulipwa akawa anaandika vitabu vyao kwa mkono. Tulimchukua. Wale wawili wenye majina makubwa kwenye siivii hawakumaliza (mmoja alituambia mtandao unasumbua, na kazi yenyewe haikuwa ya mtandao).

Ila usichukue hilo ukaenda kuthibitisha kwa furaha tu. Vyuo vidogo viko vya aina mbili, kidogo lakini kizima, na kidogo kwa sababu kinakufa. Mwaka 2017 TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, sasa fikiria wewe ndo umeshafika na godoro. Kwa hiyo kabla ya Ijumaa ingia tovuti ya TCU, hakikisha chuo kipo kwenye orodha na hiyo kozi yako nayo ipo, maana chuo kinaweza kuwa na ithibati na kozi ikawa haina. Ukimaliza tafuta mtu aliyemaliza hapo, sio anayesoma, aliyemaliza, muulize walimu wa uhasibu ni wangapi na wenye CPA ni wangapi, muulize matokeo yanatoka lini, muulize kama cheti chake alikipata kwa wakati au alizungushwa. Akianza kuguna guna hapo kwenye cheti, kikimbie hicho chuo, bora uombe kingine dirisha linalofuata au uende vyuo vya uhasibu na fedha kama TIA au IFM hata kama ni kwa kuanzia diploma.

Kikiwa kizima, mimi ningethibitisha uhasibu. Halafu huko ukifika ujue kwamba jina halitakusaidia, kwa hiyo itabidi usaidiwe na vingine: GPA, maana huna cha kujificha nyuma yake, bila sapu (mtihani wa kurudia) kama inawezekana, na likizo usirudi Singida kulala, tafuta sehemu ya kuandika vitabu hata iwe duka la vifaa vya ujenzi la mtu. CPA ianze mara tu baada ya kumaliza kabla hujazoea mtaa.

Mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo, hauangalii ukubwa wa jina ilimradi chuo kinatambulika, kwa hiyo hapo usiogope.

Anabaki baba mdogo sasa. Usimtumie meseji, na usithibitishe kwanza ndo umwambie, huyo ndo analipa. Mpigie au nenda kwake, chukua karatasi uandike pande mbili, kodi ya chumba Dar na huko mkoani, nauli ya kila siku, chakula, halafu miaka mitatu ni shilingi ngapi. Mwambie baba, hizi ndo hesabu, na hii ndo kazi ninayotaka kuisomea. Akiona umezipanga vizuri zimebalansi, nusu ya maneno utakuwa umeshayamaliza.