Waziri kuwaambia waandishi kabla ya wabunge: habari imevuja, kaivujisha au katangaza?

Msomaji wa Nyakato hapa Mwanza ananiuliza: "Shikamoo mwalimu. Kijiweni tulikuwa tunabishana kuhusu waziri wa fedha wa Uingereza aliyewaambia waandishi mambo ya bajeti kabla ya wabunge. Mimi nilisema bajeti imevuja, mwenzangu akasema hapana, kaivujisha, mzee mmoja akasema nyie wote hamjui, huyo katangaza. Nani yuko sahihi?"

Marahaba. Mzee wenu kawazidi, ila na yeye kaishia njiani.

Kuvuja hakuna mtendaji, hapo ndo penye utamu wake na hatari yake. Nenda pale Mwaloni Kirumba asubuhi ukute mtumbwi umeingiwa maji, mwenyewe atakwambia "huu unavuja", hamlaumu mtu, anachota maji maisha yanaendelea. Akikuta ubao umetobolewa na msumari hasemi tena unavuja, anauliza nani kautoboa. Sasa magazeti yanapenda sana "bajeti yavuja" kwa sababu ni fupi, na mimi naona neno hilo linawabeba mawaziri kuliko wanavyostahili, maana msomaji anamaliza kichwa cha habari bila kujua kuna mtu kafanya kitu.

Kuna siku lakini linakaa vizuri kabisa. Novemba 26, 2025, ripoti ya ile ofisi huru ya Uingereza inayokagua makadirio ya bajeti ilipatikana mtandaoni kabla waziri wa fedha Rachel Reeves hajasimama kusoma hotuba, kwa makosa tu ya kuiweka, na mkuu wa ofisi hiyo Richard Hughes akajiuzulu siku chache baadaye. Hiyo imevuja, andika bila wasiwasi. (Ukitaka kuitaja kwa jina la jumla sema waraka umevuja, sio "nyaraka imevuja", nyaraka ni nyingi.)

Kuvujisha sasa. Ile -sha inamleta mtendaji, lakini kwa mazoea ya watu inaleta na kificho humohumo: afisa anamrushia mwandishi kurasa mbili kwa WhatsApp afu kesho unasoma "chanzo chetu ndani ya wizara". Aliyevujisha hataki ajulikane. Na ikiwa waziri mwenyewe ndo kawatuma wasaidizi wake wawape waandishi kipande hiki leo na kile kesho ili apime upepo, mimi ningesema kawapenyezea, neno zuri hilo sijui kwanini hatulitumii.

Afu kuna kudokeza, yaani kumpa mtu kidogo tu kabla ya wakati. Mfano wake mkubwa ni Hugh Dalton, waziri wa fedha wa Uingereza wa wakati huo, Novemba 1947, anaelekea ukumbini kusoma bajeti akakutana na mwandishi wa The Star, gazeti la jioni la London, akamdokeza: bia inapanda, kamari za mbio za mbwa zinakatwa kodi, farasi hapana. Gazeti likawa mtaani kabla hajafika huko kwenye hotuba, na kesho yake akaachia uwaziri. Kwa maneno machache ya kwenye korido! Siku hizi wangapi wangebaki.

Tuje kwa huyo wenu. Oktoba 2024 Reeves alikuwa Washington, akawaambia waandishi kwamba atabadilisha kanuni za deni la serikali, wazi, kwa jina lake. Hapo hakuna siri kwahiyo hakuna kuvuja wala kuvujisha, mzee kapatia, katangaza. Ila Spika Lindsay Hoyle hakukasirishwa na kutangaza, alikasirishwa na mahali, maana kanuni za mawaziri wao zinasema Bunge likiwa linakaa, mambo makubwa ya sera yatangazwe kwanza humo. Kwahiyo "katangaza" peke yake haijataja kosa. Kijiweni sema kawazunguka wabunge, inatosha na kila mtu kaelewa. Kwenye maandishi rasmi andika "amewatanguliza waandishi wa habari kabla ya wabunge".

Na kwa kuwa wengi mnachanganya: Dodoma waziri akisimama kueleza jambo la serikali anatoa kauli, kwenye shughuli za Bunge imeandikwa kabisa Kauli za Mawaziri, na nyaraka anaziweka mezani. Akiwaita waandishi anatoa taarifa kwa vyombo vya habari. Usiandike "waziri alitoa taarifa bungeni" ukimaanisha kauli, kwa sababu mule ndani taarifa ni kitu kingine, ni yule mbunge anayeruka katikati ya mwenzake anayechangia, "Taarifa Mheshimiwa Spika!", na mara nyingi anachokileta sio taarifa, ni ugomvi.

Mwambie mwenzako wa "kaivujisha" asubiri, atalipata la kwake. Siku gazeti likinukuu "chanzo ambacho hakikutaka kutajwa jina", alitumie.