Getini, Mgongoni na Uzeeni: Maswali Yenu ya Mieleka

Safari hii barua nyingi zinawahusu wanamieleka wa kulipwa wa Marekani waliotamba mkoa mmoja tu, wala hawakufika kwenye vipindi vikubwa mnavyovijua.

Nasikia zamani mieleka ya Marekani ilikuwa ya mikoa mikoa. Mtu alilipwa vipi? (Msomaji, Morogoro)

Mwaka 1948 mapromota kadhaa walikutana Waterloo, Iowa, wakaunda umoja wao wa NWA (National Wrestling Alliance). Kila promota alikuwa na himaya yake, na mwenzake haingii. Chukua Memphis, Tennessee, himaya walimotamba wanamieleka Jerry Lawler na Bill Dundee. Jumamosi asubuhi kulikuwa na kipindi cha televisheni ambacho kazi yake hasa ilikuwa kuuza tiketi za Jumatatu usiku katika ukumbi wa Mid-South Coliseum. Jumanne msafara uko Louisville, kilomita zaidi ya 600, na Jumatano Evansville, Indiana.

Malipo yalitegemea mapato ya getini. Promota anatoa gharama za ukumbi na kodi, anachukua chake, kinachobaki anagawa aonavyo. Mafuta na malazi ni juu ya mwanamieleka, kwa hiyo walijazana kwenye gari moja na kuchangiana. Ila anayeigiza mwema na anayeigiza mbaya ulingoni hawakupanda gari moja, maana shabiki akiwaona wanacheka pamoja kituo cha mafuta, tiketi za Jumatatu zinadoda.

Sura ikishazoeleka, mtu anahamia himaya nyingine. Zile mechi za “atakayeshindwa ahame mji” mara nyingi zilikuwa njia ya kumuaga aliyekwisha kupata kazi kwingine! Mfumo ulianza kubomoka promota Vince McMahon aliponunua kampuni ya mieleka ya baba yake mwaka 1982, kisha akavamia himaya za wengine kwa televisheni ya nchi nzima. Memphis ilijikongoja hadi 1997.

Kama mshindi anapangwa, kwa nini wanaumia kweli? (Msomaji, Kisumu)

Sakafu haimo kwenye mpango. Ulingo ni fremu ya chuma, juu yake mbao, juu ya mbao sponji nyembamba, kisha turubai. Upande mmoja una mita 5.5 hadi 6. Kishindo mnachokisikia ni cha mbao.

Anayeanguka chali hubana kidevu kifuani, hutoa pumzi, hutua kwa sehemu ya juu ya mgongo, na wakati huohuo hupiga sakafu kwa viganja na mikono yote ili kishindo kisambae. Makosa ni yaleyale kila siku. Akitanguliza mkono nyuma kujikinga, kiwiko au kifundo cha mkono kinateguka. Akisahau kidevu, kisogo kinagonga na ubongo unatikisika. Na hata asipokosea, kuanguka mara kumi kwa usiku, usiku mwingi wa wiki, kwa miaka 20, hula pingili za shingo na kiuno. Magoti na nyonga hufuata.

Hatari zaidi ni mtindo wa kumgeuza mtu kichwa chini na kumshusha. Kichwa kinatakiwa kibaki juu ya usawa wa mapaja ya anayemshika, kisiguse chini. Agosti 1997 Owen Hart alimshusha Steve Austin kwa kukaa badala ya kupiga magoti. Kichwa kikatangulia, shingo ikaumia. Austin, ambaye jina hilo alipewa Memphis alipokuwa bado hajulikani, aliacha mapambano ya mara kwa mara mwaka 2003.

Yale masikio yaliyokunjamana yanatokana na nini? (Msomaji, Zanzibar)

Damu inajaa kati ya ngozi na gegedu baada ya kupigwa au kusuguliwa. Daktari akiinyonya siku za mwanzo na kulifunga sikio kwa bandeji ya kubana, linapona. Likiachwa, gegedu hufa na kovu huwa gumu moja kwa moja.

Shikamooni. Mdogo wangu yuko Texas, anapigana wikendi kwenye kumbi ndogo, analipwa taslimu. Uzeeni atakula nini? (Dada, Arusha)

Marahaba, dada. Swali lako ndilo zito kuliko yote hapa. Kisheria wengi wao huhesabiwa kama wamejiajiri: hakuna mwajiri anayewakatia pensheni wala bima ya afya. Wakongwe wengi walipokea bahasha, hawakuripoti kitu, wakafika miaka 62 na kukuta jina lao halina michango.

Mdogo wako aandike kila pambano: tarehe, mji, malipo, mafuta, viatu, mavazi. Faida ya mwaka ikifika dola 400, anapaswa kulipa kodi ya waliojiajiri, takriban asilimia 15.3, na humo ndimo ulimo mchango wa Social Security, yaani mfuko wa pensheni wa serikali ya Marekani. Ili apate pensheni anahitaji alama 40, na kwa mwaka huwezi kupata zaidi ya 4, maana yake miaka 10 ya kazi. Asizidishe kukata gharama ili akwepe kodi; pensheni hukokotolewa kwa kile alichoripoti. Kila mwaka akague rekodi yake. Muda wa kawaida wa kusahihisha ni miaka 3, miezi 3 na siku 15 baada ya mwaka husika. Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, huanza akiwa na miaka 65, kwa hiyo bima ya miaka ya kabla ya hapo aipange mapema, pengine kupitia ajira ya siku za kazi.

Akikwama kabisa, kuna Cauliflower Alley Club, chama kilichoanzishwa mwaka 1965, chenye mfuko wa kusaidia wanamieleka wenye shida.

Hivi hawa watu wanastaafu kweli? (Msomaji, Bukavu)

Kwa shida. Mwanamieleka mashuhuri Ric Flair aliagwa kwa machozi Machi 2008. Julai 2022 alipanda tena ulingoni Nashville, ana miaka 73.