Ukigo huu ni kinga au ni kifungo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mchungaji. Nina umri wa miaka 29 na nina kifafa tangu utotoni. Nilitamani udereva, lakini siruhusiwi. Hata ninapooga siweki komeo mlangoni, na mdogo wangu huketi nje akiniita jina kila baada ya muda mfupi. Waumini wenzangu husema kwamba Mungu ananiepusha na ajali. Nitajuaje kama hii ni kinga yake au nimenyimwa tu?

JIBU: Amina, dada yangu. Swali lako limo katika kitabu cha Ayubu. Katika sura ya 1, aya ya 10, Shetani analalamika kwamba Mungu amemzungushia Ayubu ukigo pande zote, naye anamaanisha ulinzi. Katika sura ya 3, aya ya 23, Ayubu mwenyewe, akiwa amekwisha kufiwa na watoto wake na mwili umejaa majipu, anatumia picha ile ile ya kuzingirwa na Mungu, lakini kwake ni kifungo. Mungu hakumtupa kwa kusema hivyo. Mwishoni waliokemewa ni rafiki zake, waliojifanya wanajua sababu ya mateso yake. Ayubu naye alirudishiwa mengi, ila hatusomi popote kwamba alisimuliwa yale mazungumzo ya mbinguni kati ya Mungu na Shetani yaliyoanzisha yote.

Kwa hiyo sithubutu kukuambia kwamba umepewa kifafa ili usipate ajali. Wanaokufariji wana nia njema, lakini wanaeleza jambo ambalo hakuna aliyewafunulia. Ninachokiamini kwa moyo wote ni kwamba unaweza kumtegemea Mungu aliye ndani ya ukigo pamoja nawe kabla hujajua ukigo wenyewe ni wa nini, na hata usipojua kamwe.

Tena si kila kizuizi ni chake. Wapo wanaomtenga mwenye kifafa, wanaomnyima shule au ndoa, wanaoogopa kumgusa anapoanguka ilhali ugonjwa huu hauambukizi. Huo ni ukatili wa wanadamu, na usikubali uitwe mapenzi ya Mungu. Vilevile usiache dawa kwa jina la imani. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakichunguzwa na kutibiwa ipasavyo, kwa hiyo huenda baadhi ya mipaka yako ikalegea, na hilo mzungumze na daktari wako. Kuomba uponyaji nako si uasi: Paulo aliomba mara 3 aondolewe mwiba wake, akajibiwa kwamba neema inamtosha, na hakukaripiwa kwa kuomba.

Nirudi kwenye mlango wako, kwa kuwa hapo ndipo ninapoiona kinga bila kubahatisha. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza anayejenga nyumba mpya aweke ukuta ukingoni mwa dari, mtu asije akaanguka. Yaani Mungu alitaka uhai wa mtu ulindwe kwa mikono ya mwenzake. Mdogo wako, anayeacha shughuli zake akaketi pale nje hadi utoke, anaifanya kazi hiyo. Siku ambayo mwito wake utakuchosha, mwambie Mungu waziwazi kwamba umechoka, kama Ayubu, kisha mwitikie mdogo wako.